Faili la Kelele

Hii nimetumiwa na binamu yangu, nami naileta kwenu kama ilivyo. Isome mpaka mwisho kabla hujaipitisha, maana mwanzo wake unadanganya.

Alikuwapo mtafiti mmoja wa chuo, Mwatumu jina lake, binti wa Pangani, kichwa kwelikweli. Kwa miaka mitatu alikuwa akitengeneza simu ya wakunga. Si simu ya kubonyeza, la. Mkunga anayempokea mtoto hana mkono wa kubonyezea kitu. Hii ilivaliwa shingoni kwa kamba, ikikaa kifuani na kusikiliza. Mkunga akisema "Ita daktari," inampigia daktari wa zamu papo hapo. Hebu fikiria! Maneno mawili tu, msaada uko njiani.

Simu ilijaribiwa miezi miwili katika vituo vitano vya afya. Kilichobaki ni saini ya Profesa Mkwizu, mkuu wa maabara, ili igawiwe vituo thelathini.

Profesa akapekua fomu za maoni ya wakunga. Arobaini. Zote "nzuri," "nzuri sana," na moja "nzuri mno, Mungu akubariki."

"Mwatumu," akasema, "umewahi kupikia watu arobaini asilalamike hata mmoja?"

"Sijawahi, Profesa."

"Basi niletee mtu mmoja aliyekerwa na simu hii. Mmoja tu. Nakupa mpaka Ijumaa."

Mwatumu alitoka amenuna. Loo, huyu mzee ana nini? Wenzake wanatafuta sifa, yeye anatafuta lawama! Lakini njiani swali likaanza kumwasha. Kweli, mbona hata mmoja?

Akaanza kwa Bi Hadia, mkunga wa miaka mingi, yule aliyeandika "Mungu akubariki."

"Shikamoo mama. Nimekuja uniambie ukweli. Simu ina tatizo gani?"

"Marahaba mwanangu. Tatizo? Aka! Simu nzuri hiyo, inanisikia kuliko mume wangu." Akamkatia papai, akamfungia na jingine la njiani.

Kila kituo ikawa hivyo hivyo. Kufikia Alhamisi mchana Mwatumu ana papai moja, kuku mmoja, na lawama hana hata ya dawa.

Akarudi maabara, akakaa mbele ya kompyuta bila kujua la kufanya. Sasa, simu zile zilirekodi kila kitu zilichosikia, kwa ruhusa ya wakunga na ya akina mama wenyewe. Maneno yaliwekwa kando yachambuliwe. Visivyo maneno, yaani feni, vikohozi, milango, vilitupwa kwenye faili lililoitwa Kelele. Hakuna aliyewahi kulifungua. Mwatumu akajiuliza: hivi humo mna nini?

Akavaa vipokea sauti masikioni. Feni. Feni. Ndoo. Kisha msonyo.

Si msonyo wa mchezo. Ule mrefu, wa kutoka moyoni, ambao mtu hausonyi mpaka amechoshwa kabisa. Mwatumu akacheka peke yake. Mbele kidogo, msonyo mwingine. Akaanza kuhesabu. Mpaka anamaliza, misonyo sitini na mitatu!

Akarudisha nyuma asikie kila mmoja umetanguliwa na nini. Hapo kicheko kikamkauka. Kabla ya msonyo palikuwa na mnong'ono, mdogo hata mashine haikuuhesabu kuwa ni maneno: "Ita daktari." Na simu inajibu kwa kujiamini: "Sijakusikia. Tafadhali rudia kwa sauti." Mnong'ono tena. "Sijakusikia." Msonyo. Kisha viatu vinakimbia. Mkunga amemwacha mama kitandani, anakwenda kumwita daktari mwenyewe.

Na aliyesonya kuliko wote? Sauti yake haikufichika. Bi Hadia!

Mwatumu akampigia. "Mama, kwa nini mnanong'ona?"

"Eh! Umejuaje? Mwanangu, mzazi akisikia mkunga anaita daktari, anaogopa, na nguvu zinamwisha. Hatusemi kwa sauti. Tunamnong'oneza mwenzetu, au tunamtupia jicho tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuja na jua lote lile, una furaha kama bibi harusi, umenikodolea macho nikijaza fomu. Nikuambie kitu chako hakifai? Nani kanilea hivyo?"

Mwatumu alilia. Misonyo haikumuuma. Walimuuma wale akina mama walioachwa peke yao kitandani. Miezi miwili ile, kwa bahati, hakufa mtu. Vituo thelathini je?

Ijumaa asubuhi akaingia kwa Profesa. Kabla hajafungua mdomo, Profesa akainua mikono.

"Nimeshindwa, binti. Wafadhili wamenipigia tangu jana, vituo vinasubiri, fomu zako hazina kasoro. Lete nisaini."

Akafungua kalamu, akaiweka juu ya karatasi. Miaka mitatu ya Mwatumu ilikuwa pale. Angenyamaza tu, basi. Nani angejua?

"Usisaini, Profesa," akasema. "Sikiliza kwanza."

Profesa akasikiliza yote. Kisha akafunika kalamu yake.

"Nilikutuma mtu mmoja."

"Nimekuletea misonyo sitini na mitatu."

Simu ikarudi kwa mafundi miezi saba. Siku hizi haisubiri neno. Inaning'inia ubavuni, na mkunga anaibana mara mbili kwa mkono, juu ya kiwiko, huku viganja vikiendelea na kazi, nayo inamwita daktari kimyakimya. Wazo hilo ni la Bi Hadia. Na alipoletewa aijaribu, akaigeuzageuza, akakunja uso, akasema mbele ya watu wote: "Kamba yake inanikata shingo. Na rangi mbaya."

Mwatumu akamkumbatia pale pale.

Funzo: Anayekuheshimu anaweza kukuficha kasoro yako ili asikuumize. Usitosheke na sifa ulizopewa; kasikilize na ulichokitupa ukakiita kelele, maana huenda uhai wa mtu umo humo.