Fundo la Nyasi la Nyamizi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo nyati alijenga nyumba ya bati na kiboko alifundisha hesabu, palikuwa na binti digidigi jina lake Nyamizi. Wewe hapo nyuma, acha kumfinya mwenzio, sikiliza.

Nyamizi hakuwa na mama wala baba. Alilelewa na Nyati, rafiki mkubwa wa marehemu baba yake, naye akamwita mjomba. Chakula alipata. Sare alipata, tena mpya, yenye pindo refu ili akue nayo. Lakini Nyati alikuwa si msemaji. Akirudi shamba anakula, anajinyoosha uani, basi. Nyamizi alifanya kazi za shule peke yake sakafuni, akisoma kwa sauti ili nyumba isikae kimya.

Shuleni nako yale yale. Wenzake walikuwa pundamilia na nyumbu, watoto wenye ndugu kumi kumi, wamebanana madawatini wakicheka. Yeye alikaa pembeni, dirishani. Hesabu za kugawanya zilimshinda. Akapata sifuri, akapata nyingine, na kila sifuri ilimzidishia ukimya.

Siku moja akajikaza.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba."

"Mjomba, kugawanya sikuelewi. Naomba ukae nami kidogo."

"Mimi?" Nyati akapuliza pua, pfuuu! "Mambo ya kusoma ni ya shule, mwanangu. Kamwambie mwalimu wako."

Kesho yake akamwendea Mwalimu Kiboko.

"Mwalimu, sielewi. Tena nakaa peke yangu."

"Aaa, Nyamizi! Nina watoto themanini hapa! Mwambie mjomba wako akae nawe nyumbani. Malezi huanzia nyumbani!"

Nyamizi akaondoka analia. Apige hodi wapi tena? Akaketi kando ya njia, akang'oa unyasi, akawa anaufunga na kuufungua bila kujua anafanya nini. Mara akautazama. Lo!

Katika bonde lile wakubwa walikuwa na desturi yao. Mkubwa akitaka kushindana na mwenzake, humtumia fundo la nyasi. Aliyetumiwa hulivaa mpaka siku ya shindano, na muda wote huo ni mwiko kumuuliza mwenzake neno, kwa maana kuuliza ni uoga. Wala hakuna mkubwa aliyewahi kulikataa. Angechekwa mpaka na kunguru!

Nyamizi akafuta machozi. Akang'oa unyasi wa pili.

"Mjomba, Mwalimu Kiboko amenipa hili nikuletee."

Nyati akasimama ghafla, sufuria zikalia kacha-kacha jikoni. "Ala! Kiboko ananitaka mimi? Kwa pembe au kwa kuvutana kamba?"

"Si kwa pembe, mjomba. Anasema huwezi kukaa kitako na mtoto, hesabu kumi kila jioni, mpaka siku ya mkutano wa wazazi. Anasema ya pili tu utasinzia."

"Nisinzie? Mimi? Lete hilo daftari!"

Akalitundika fundo kwenye pembe yake, akavuta kigoda, akakaa. Kigoda kikalia ng'wiii!

Asubuhi zamu ikawa ya mwalimu. "Mwalimu, mjomba amenituma. Anasema sauti unayo, lakini kumwinamia mtoto mmoja aliyenyamaza ukamuuliza amekwama wapi, huwezi. Mpaka siku ya mkutano."

"Hee! Nyati yule anayekoroma mchana kweupe? Lete!" Kiboko akalichomeka lile fundo la pili sikioni.

Basi kazi ikaanza. Kumbe Nyati naye kugawanya hakujui! Akamwaga maharage mkekani.

"Ishirini na nne, mafungu sita. Moja lako, moja langu... Aka! Yamebaki."

"Mjomba, umeruka fungu."

"Sijaruka! Hebu tuanze upya."

Jioni moja Nyati akacheka peke yake. "Baba yako naye alikuwa hivi hivi. Tukichuma mapera, anagawa yeye, na fungu kubwa siku zote linakuja kwangu. Namwambia umekosea, anasema, aa, ndivyo hesabu ilivyotoka."

Nyamizi hakuwahi kusikia habari za baba yake humo ndani. Alilishika harage moja mpaka likapata joto.

Shuleni, Mwalimu Kiboko alimwinamia, dawati likapiga kelele. "Umekwama wapi?" Akamtoa dirishani, akamkalisha katikati ya pundamilia wawili. Wiki ya nne akapata saba juu ya kumi.

Je, alifurahi? Alifurahi, wanangu, halafu akaumia. Kila jioni alilitazama lile fundo kwenye pembe ya Nyati. "Wanakaa kwa ajili ya unyasi," aliwaza, "si kwa ajili yangu. Mkutano ukiisha, kigoda kitarudi jikoni."

Siku ya mkutano ikafika. Nyati akaingia darasani kwa kishindo, ndi! ndi! ndi!

"Kiboko! Nimeshinda!"

"Umeshinda nini? Nimeshinda mimi!"

"Si wewe uliyenitumia fundo?"

"Nikutumie mimi? Ulinitumia wewe!"

Wazazi wakatazama pembe, wakatazama sikio. Mafundo mawili! Wakaangua kicheko, kwa kwa kwa! Wakubwa wawili wakageuka polepole.

"Nyamizi!"

Akasimama. "Nimewadanganya."

"Kwa nini?" Nyati aliuliza. "Si ungeniambia tu?"

"Nilikuambia, mjomba. Ukasema nikamwambie mwalimu. Nikamwambia mwalimu, akasema nikuambie wewe. Nikabaki katikati, peke yangu."

Kicheko kikakatika. Mwalimu Kiboko akainamia chaki yake. Nyati akalivua lile fundo, akaliweka mezani, akatoka.

Nyamizi alirudi nyumbani kwa kujivuta. Akakikuta kigoda mkekani, akakirudisha jikoni mwenyewe. Akakaa sakafuni, akafungua daftari, akaanza kusoma kwa sauti, kama zamani.

Ndi... ndi... ndi... Nyati akaingia. Akampita. Nyamizi akainamisha kichwa, herufi zikawa ukungu mtupu machoni pake.

Ng'wiii!

Akainua macho. Nyati amekaa kwenye kigoda, na kwenye pembe yake hamna fundo.

"Maharage yako wapi?"

"Shindano limekwisha, mjomba."

"Najua limekwisha. Lete maharage."

Basi wanangu, tuwaache hapo wakigawanya, nanyi mkawaambie wakubwa wenu: mtoto hashibi ugali tu, hushiba na mtu wa kukaa naye.