Mstari Mwekundu wa Yungiyungi

Kabla hamjaligusa ua hilo, wajukuu zangu, nionyesheni mikono. Wewe Saumu umejipaka mafuta? Nenda kanawe kwa sabuni, kisha uje. Wengine kaeni hapo kwenye mkeka, na hayo manyoya ya kuku yawekeni chini, si ya kuchezea. Leo nitawaambia kwa nini yungiyungi letu ni jeupe lakini kila petali yake ina mstari mwekundu katikati, na kwa nini wanawake wa mtaa huu hawaligusi asubuhi bila kupiga hodi. Niliambiwa na bibi yangu, naye aliambiwa na bibi yake, na wote wawili hawakupenda kukatizwa.

Zamani hizo mayungiyungi yalikuwa mekundu matupu au meupe matupu, na hayakuchanganyika. Nyuki walikuwa bado wenyeji wa msituni. Nyumba za watu waliziogopa kwa ajili ya moshi wa majikoni. Na maua yalikuwa yakisema, ila kwa sauti ndogo sana, hata aliyeyasikia ni yule tu aliyeinama kuyapalilia.

Basi palikuwa na majirani wawili, Mwanamize na Bi Mwaka, ambao nyumba zao zilitenganishwa na uzio wa makuti. Mwanamize alikuwa na binti mmoja tu, Mwanaidi. Bi Mwaka alikuwa na mwana mmoja tu, Bwanaheri. Vijana hao walipendana, na kwa kuwa adabu haikuwaruhusu kukaa pamoja, kila mmoja alipanda yungiyungi kando ya uzio, msichana jekundu upande wake na kijana jeupe upande wake, pale ambapo makuti yalikuwa yametoboka. Wao wasipoonana, maua yao yangeonana.

Bi Mwaka akatuma mshenga kupeleka posa, kama ilivyo ada. Mwanamize hakukataa, wala hakukubali. Alisema, ngojeni mtama uvunwe. Mtama ukavunwa, mshenga akarudi, akaambiwa angoje nyumba iezekwe. Nyumba ikaezekwa, akaambiwa jambo jingine. Ukweli ni kwamba Mwanamize alimpenda yule kijana, lakini kila alipofikiria kuamka asubuhi bila kuisikia sauti ya binti yake uani, ulimi ulikuwa mzito. Mimi simlaumu sana. Nimeoza mabinti, naijua asubuhi hiyo.

Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Masika yakaja na homa, na homa ile ikamchukua Mwanaidi kabla jibu halijatoka. Bwanaheri akafunga mzigo wake akaenda bara, asiseme atarudi lini. Bi Mwaka akachukua makuti mapya, akaziba tundu zote za uzio, na tangu hapo hakumwamkia tena jirani yake.

Mwanamize akabaki na lile yungiyungi jekundu. Alilimwagilia maji kabla hajanywa yeye. Lakini mmea huo ulikuwa ukizeeka. Kila mwaka maua yalipungua, na yakinyauka hayakuacha mbegu. Ukafika mwaka ambao bua lilitoa vichwa vitatu tu, na majani ya chini yakaanza kuwa ya njano.

Mwanamize akapiga magoti, akaliambia ua lililochanua mwanzo, "Mwanangu, utaondoka nawe usiniachie hata mjukuu?"

Ua likajibu kwa sauti yake ndogo, "Mama, nitazaa na nani? Unga wangu huu wa njano, chavua yangu, peke yake haunifai. Unaonifaa uko ng'ambo ya uzio, na mimi sina miguu. Nani ataniendea?"

Hapo Mwanamize akaelewa. Akaelewa pia mlango aliotakiwa kuubisha.

Siku hiyo alijiandaa kama mtu anayekwenda shughuli. Alifukiza nguo zake udi, akajipaka mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, mikono yote mpaka ncha za vidole, maana kwetu haendi mtu kwenye jambo la heshima akiwa mkavu. Akapiga hodi kwa Bi Mwaka. Bi Mwaka alipomwona alisimama mlangoni, asikaribishe wala asifukuze. Mwanamize akaeleza haja yake, unga kidogo tu wa yungiyungi jeupe, unaoenea kwenye ncha ya kidole.

"Tangu lini upande wa mwanamke ukaja kuomba?" akauliza Bi Mwaka.

"Tangu mimi nilipoharibu, dada yangu."

Bi Mwaka akampisha. Mwanamize akaugusa ule unga wa njano, akarudi kwake ameukinga kwa kiganja, akaupaka katikati ya ua jekundu. Akangoja. Ua likanyauka, likaanguka, pasiwe na kitu. Lilipochanua la pili akaenda tena, amejipamba vilevile, tena kupita mara ya kwanza, na la pili nalo likaanguka. Sasa lilibaki moja, bado halijafunguka. Mwanamize aliketi chini kando ya bua hilo, akalia kilio alichokuwa hajakilia hata siku ya maziko.

Bi Mwaka alikisikia kilio hicho ng'ambo ya uzio. Alikuwa ameapa kutomhurumia mwanamke yule, na bibi yangu alisema alijaribu kweli. Alianza kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Kisha akatupa ufagio, akaenda kuliangalia yungiyungi la mwanawe. Akaona alama za vidole kwenye vijiti vinavyobeba ule unga. Palipoguswa, unga ulikuwa umeshikana madonge, unang'aa mafuta, unanuka karafuu. Akajua. Unga wa ua ni mkavu, hautaki pambo. Maskini yule mwanamke alikuwa akiuharibu kwa heshima yake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata ua la mwisho lilifunguka. Bi Mwaka aling'oa makuti aliyoyafunga kwa mkono wake, akapita palepale penye uzio. Alikuwa hana udi wala mafuta, na mkononi ameshika unyoya wa kuku, mweupe, ncha yake imejaa unga wa njano.

"Hodi," akasema.

Mwanamize akainua kichwa.

"Hodi, jirani. Mshenga wangu ulimchosha, basi nimekuja mwenyewe. Naposa kwa ajili ya mwanangu. Na safari hii, nakuomba, jibu usicheleweshe."

Mwanamize aliufungua mdomo, na lile neno ambalo lilimkwama miaka yote likatoka lenyewe. "Nimekubali. Nimekubali, dada yangu, nimekubali."

Bi Mwaka akainama, akaligusa ua katikati kwa ule unyoya, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto wanja. Kisha wakaketi wawili hao mchangani, wakamlilia Mwanaidi pamoja, jambo ambalo lilipaswa kufanyika zamani.

Ua lile lilinyauka kama mengine, lakini chini yake pakavimba. Likatoka tunda, na ndani ya tunda mbegu nene za kijani, kila moja kama kitunguu kidogo. Wakang'oa uzio wote, wakazipanda katikati ya nyua zao mbili. Yalipochanua yalikuwa meupe kama la Bwanaheri, na kila petali ilikuwa na mstari mwekundu wa Mwanaidi, kutoka shina mpaka ncha. Kama Bwanaheri alirudi akayaona, sikuambiwa, na sitawadanganya. Nyuki, wao walichungulia kazi ile wakaiga, wakaacha kuogopa moshi. Ndiyo maana nao huja wakivuma kwanza. Wanabisha hodi.

Na tangu siku hiyo yungiyungi la nyumbani lina mstari, na mwanamke wa mtaa huu anapotaka mbegu huamka asubuhi, mikono mikavu, na unyoya wa kuku mkononi. Hupiga hodi kwanza. Na mwenye ua, hata kama jana mligombana, hata kama ana chungu jikoni kinaungua, hujibu papo hapo.

Haya Saumu, umenawa? Lete unyoya wako. Ua hili lilikuwa la mama yako, Mungu amrehemu, na sasa nalitunza mimi. Inama, usiliogope. Piga hodi.

Nimekubali, mjukuu wangu. Nimekubali.