Kufuli la Bwana Shekiondo

Bwana Shekiondo, mtu mwenye sauti ya kutisha kuku, alifunga michezo yote kwenye kompyuta ya nyumbani, kisha akamtambia binti yake: "Bila neno langu la siri hufungui kitu. Na hulipati ng'o!"

Mwanahawa hakubisha. Alisubiri mama yake aanze kupakua wali, ndipo akasema kwa upole:

"Baba, nimebonyeza pale pa waliosahau neno la siri. Kompyuta imeniuliza swali."

"Swali gani?"

"Jina la mchumba wako wa kwanza. Nimeandika la mama."

"Ehe?"

"Imekataa."

Upawa wa mama ulisimama hewani. "Imekataa?"

"Mama, njoo tukisie wote," alisema Mwanahawa. "Bado tuna nafasi mbili."

Bwana Shekiondo aliruka kutoka kitini, akakimbilia sebuleni kama anazima moto. Kabla wali haujapoa, kila kufuli lilikuwa limeondolewa.

Mama akamwinamia binti yake. "Kweli iliuliza hivyo?"

"Haikuuliza kitu, mama. Hata sijaiwasha tangu juzi."

Mama akageukia sebuleni, upawa bado mkononi.

"Baba Mwanahawa, hebu njoo. Huyo uliyekimbia kumficha ni nani?"