Binti wa Kongoni Aliyekatazwa Kulala

Paukwa.

Pakawa.

Mbona mnaitikia kama waliofunga? Paukwa!

Pakawa!

Naam. Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisemezana, palikuwa na bwawa moja nyikani, na makundi mawili yakilitegemea: kongoni na pundamilia. Kila kiangazi kikikaribia walishindana mbio. Kila kundi lilitoa mkimbiaji mmoja. Aliyeshinda, kundi lake lilikunywa kwanza mpaka mvua. Aliyeshindwa, kundi lake lilikunywa tope.

Kongoni mmoja alikimbia miaka mitatu, akashindwa miaka mitatu. Mwaka wa tatu tope liliua ndama tisa, na mmoja wao alikuwa wake wa kumzaa. Hakuna aliyemlaumu. Walimpisha njia tu, kimya, kama anavyopishwa mgonjwa. Akaona heri wangemtukana.

Kongoni huyo alikuwa na binti, jina lake Siwema. Siwema akikimbia utasikia pa-pa-pa, pa-pa-pa, kisha vumbi, kisha hayupo. Baba yake akasimama mbele ya kundi akasema, "Mwaka huu atakimbia Siwema. Na mwiko ataushika, mimi ndiye mdhamini."

Mwiko wenyewe ulikuwa huu. Mkimbiaji wa kongoni, tangu mwezi uandame hadi siku ya mbio, halazi ubavu chini. Atasinzia amesimama. Akionekana amelala, watu hunong'ona, "Mtazameni, amelalia maji ya wenzake." Mwiko huo ulikuwa wa kongoni peke yao. Pundamilia walilala walipochoka.

Mazoezi yakaanza. Siwema alikwenda mpaka kilimani akarudi. Baba alisimama bwawani akicheua, akihesabu matonge ya cheu. Siku ya kwanza Siwema alirudi baba ametafuna matonge saba. Wiki ya pili, matano. Kongoni akacheka mpaka majani yakamtoka mdomoni. Ndama nao wakamtungia wimbo:

*Siwema kimbia,*
*bwawa laita,*
*ukilala wewe, twalala na kiu.*

Wiki ya tatu Siwema akarudi kwa matonge sita. Kesho yake, manane.

"Umelegea," akasema baba.

"Sijui, baba. Miguu kama si yangu."

"Ni ya nani, ya jirani? Nenda tena."

Safari mbili zikawa nne. Nne zikawa sita. Siwema akichelewa, baba anaongeza. Baba akiongeza, Siwema anachelewa. Akikunja tu magoti ya mbele, baba husema, "Inuka." Naye huinuka.

Sasa, juu ya mgongo wa Siwema aliishi ndege mmoja, kazi yake kula kupe. Wakimwita Bi Mlakupe. Asubuhi moja akaruka, puru, akatua penye pembe ya Kongoni.

"Shikamoo, Mzee Kongoni."

"Marahaba. Sema upesi, ninahesabu."

"Nimekuja kwa ajili ya binti yako. Alfajiri, hajapiga hata hatua moja, moyo wake unapiga du-du-du kama aliyetoka mbioni. Nausikia kwa nyayo zangu. Kidonda cha kwatoni kina wiki tatu, bado kibichi. Majani anayanusa tu. Jana mama yake mdogo kamsalimia, yeye kampiga teke. Siwema huyu, aliyekuwa hana neno na mtu. Na kupe wake, mzee wangu, hawanenepi tena. Nimekaa juu ya migongo mingi. Huyu hajalegea. Huyu amekwisha. Mpe siku nne alale, atakurudia."

"Wewe umekimbia mbio gani, na vijiti hivyo viwili?"

"Sijakimbia. Nimewapanda waliokimbia."

Kongoni akaacha kuhesabu. Alikuwa ameyaona yote hayo, kidonda, na majani yaliyobaki, na macho ya mtoto yaliyoingia ndani. Aliyaona akayapa jina jingine, akayaita uvivu, kwa sababu uvivu una dawa rahisi. Tena aliwaza: siku nne alale, kundi litasema nini? Litasema baba alishindwa kukimbia, na sasa ameshindwa kusimamia.

"Akilala, amelalia maji," akasema. "Shuka kwenye pembe yangu."

Bi Mlakupe akashuka. Hakurudi mgongoni kwa Siwema. Alisema hawezi kukaa juu ya kilio.

Siku ya mbio ikafika. Mkimbiaji wa pundamilia alikuwa amelala siku tatu mavumbini, tumbo juu. Kongoni wakamcheka. "Umeamka, bwana? Au tukuletee mto?"

Naye akapiga mwayo. "Leteni, nitautumia nikishakunywa."

Wakaachiwa. Pa-pa-pa, Siwema mbele. Pa-pa-pa, Siwema mbele bado. Ndama wakaimba, *Siwema kimbia, bwawa laita.* Baba akalia kwa furaha. Kisha ikawa pa... pa. Pa. Na Siwema akasimama katikati ya uwanja, hakuna aliyemsukuma. Akakunja magoti ya mbele, akakunja ya nyuma, akalaza ubavu chini mbele ya makundi yote mawili.

Pundamilia akampita polepole, akamtazama, akaenda kunywa.

Mwaka ule jua lilikuwa kali, hata tope halikutosha. Siku ya tatu, Siwema bado hajainuka, wakubwa wa kundi wakasema, "Tuhamie mtoni, mwendo wa siku mbili. Asiyeweza kutembea abaki na Mungu wake." Kundi likaondoka asubuhi. Kongoni akabaki na binti yake, na fisi wawili wakaketi mbali kidogo. Hawakuwa na haraka.

"Inuka, mwanangu," akasema Kongoni.

Siwema akafungua macho.

"Inuka, Siwema. Leo si mbio. Leo ni fisi."

"Nasikia, baba. Mwili ndio hausikii."

Akasema inuka mara kumi, mara ishirini. Neno lile alikuwa amelitumia lote siku ambazo halikuhitajika. Siku lilipohitajika halikuwa na kitu ndani. Fisi wakasogea. Kongoni alipigana nao mpaka pembe moja ikavunjika, kisha akakimbia. Ndiyo, alikimbia. Na siku hiyo alikimbia vizuri.

Alipolifikia kundi mtoni, wakamwambia, "Pole. Fisi ni adui."

Akajibu, "Fisi alikuta kazi imekwisha. Mwanangu nilimuua mimi, kwa kuhesabu."

Wakampisha njia, kimya.

Basi sikieni, wadogo kwa wakubwa. Mwili ni amana. Ukiona unachelewa pale ulipokuwa mwepesi, moyo unakimbia nawe umekaa, kidonda kinagoma kupona, chakula kimekosa ladha, na unawafokea wanaokusalimu, usiuongezee mwili safari. Ulaze. Mola aliyeumba mbio ndiye aliyeumba usingizi, na hakuuumba kwa ajili ya wavivu. Anisamehe nami, maana nimewahi kumwambia mwanangu inuka, siku aliyostahili kufunikwa shuka.

Hadithi yangu imeishia hapo alipoishia Siwema.