Mnazi wa Shekuwe Ndani ya Boma la Gavana

Hapo zamani, enzi ambazo Wazungu walikuwa wakipanga nchi za watu kama mtu apangavyo chumba, Sultani wa Kipandeni alimkodisha Gavana mmoja ufuko wake kwa miaka tisini na tisa. Gavana akajenga boma, na katikati ya boma ulikuwapo mnazi wa fukara aitwaye Shekuwe, ambaye hakuwa na mali nyingine duniani.

Basi vikazuka vita baina ya Gavana na Wazungu wenziwe, akaamuru mnazi ukatwe aweke mzinga. Kadhi akamkumbusha kwamba kwa desturi ya nchi ardhi huwa ya huyu na mnazi wa yule, na mkataba ulitaja ardhi tu. Gavana akausoma mara tatu, asipate pa kuchomokea. Akamtazama Shekuwe, aliyekuwa juu akiangua nazi, akasema kwa hasira, "Mnazi ni wako. Lakini ardhi ni yangu, na siku utakayoikanyaga nitakunyonga."

"Nimesikia, bwana," akajibu Shekuwe, akakaa huko huko juu.

Ikawa siku tatu anakunywa madafu na kutupa vifuu, na vifuu havichagui kofia ya kuangukia. Siku ya nne mvua ikamlowesha, akavua kikoi chake cheupe, akakianika kwenye kuti, akabaki kama alivyozaliwa. Manowari ya adui ikaona nguo nyeupe juu ya boma, ikadhani Gavana amesalimu amri, ikashusha mashua kuja kupokea funguo.

Gavana akachanganyikiwa. Kwao, apigaye mzinga chini ya nguo nyeupe huitwa mhuni, na asiyepiga huitwa mwoga. Askari wakauparaga mnazi na mabuti yao, wakateleza mmoja mmoja. Kumpiga Shekuwe risasi hakukufaa, maana nguo ingebaki. Kuukata mnazi hakukufaa, maana sasa uliinamia ghala jipya la baruti. Akaanza kubembeleza, yeye asiyepata kumwita mtu ndugu: "Ndugu yangu, ivae nguo yako."

"Nguo mimi huvaa nikiwa na safari, bwana," akasema Shekuwe. "Nami nitakwenda wapi? Chini ni ardhi yako, na shingo ninayo moja. Mrudishie Sultani ardhi, nami nitavaa, niteremke kwetu."

Gavana akampa ruhusa ya kushuka. Shekuwe akasema ruhusa ya mdomo haina muhuri. Mashua zikakaribia, basi Gavana akaandika kwamba ardhi imerudi kwa Sultani, akatia muhuri. Kikoi kikavaliwa, mashua zikageuka, na kabla ya Ijumaa Gavana akafungasha virago.

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamdondoka, akamwambia Shekuwe aombe atakacho.

"Mche mmoja wa mnazi, Maulana, niupande katikati ya baraza lako, ili siku utakapotaka kukodisha nchi tena nipate pa kukaa."

Sultani akaacha kucheka. Akaokota kilemba chake, akaagiza mche uletwe.