Shuka la Nyuma

Mtu mmoja, jina lake Mhina, alikuwa na ukuta mweupe uliotazama soko, na mafundi wote waliutumia kuonyesha kazi zao. Zamani walichora ukutani penyewe. Mwenye brashi ya leo alipaka juu ya picha ya jana. Ilikuwa mwenye nguvu mpishe. Hata fundi alipohama na kufuta picha yake, paliachwa doa tupu, na aliyechora kabla yake ilibidi aitwe achore upya. Mbonea alikulia enzi hizo, akajua kwamba kisichoonekana ukutani kimekwisha.

Mhina alipochoshwa na ugomvi, aliamuru kila fundi achore kwenye shuka lake, nyumbani kwake, kisha amletee. Alfajiri aliyatundika mashuka ukutani, nyuma ya pazia, hili mbele, lile nyuma, na hakulifungua pazia mpaka yote yametulia. Watu walisifu picha. Aliyezipanga hakuna aliyemkumbuka.

Kihiyo, mume wa Mbonea, alikuwa fundi viatu. Kwenye shuka lake alichora jozi moja ya viatu, na pembeni akamchora mkewe akicheka, pengo la jino likiwa wazi, wala hakumsitiri. Kihiyo alipofariki, Mbonea alikwenda sokoni kila gulio ili ajione kama mumewe alivyomwona. Siku moja akakuta mahali pa picha hiyo pana picha ya cherehani kubwa ya fundi mgeni.

Hakumlaumu mtu. Aliacha kwenda sokoni, hata chumvi akawa anaagiza kwa jirani. Lakini alikikumbuka kile kicheko, jamani, mpaka moyo ukamuuma kama kidonda. Mwishowe, akidhani cherehani imepakwa juu ya picha ya mumewe kama enzi zile, alimwendea Mhina, akamwomba walau kipande cha rangi iliyobanduka, akakizike.

Mhina alimtazama kwa huruma. "Shemeji, nani kakwambia nimemfuta mumeo? Amefunikwa tu."

Akalisogeza shuka la cherehani kando. Nyuma yake viatu vilikuwepo, na mke alikuwa akicheka, rangi zikiwa mbichi kuliko za mbele, kwa kuwa jua halikuzifikia. Hakuna aliyeitwa kuja kuchora upya. Na aliyechora asingeweza kuitwa. Mbonea alilia, kisha akacheka, na pengo likaonekana.

Nanyi mnaowalilia waliotangulia, ni wangapi mmekwisha kuwazika mara ya pili, kwa sababu tu hamkumwendea Mwenye ukuta kumwomba asogeze shuka la mbele?