Hundi ya Pilau

Jumanne saa nne asubuhi, Mwanahawa mpishi alifungua akaunti, akaingiza hundi ya kununulia mchele wa harusi ya Jumamosi. Meneja Mbelwa aliisukuma pembeni bila kuitazama.

"Mteja mpya husubiri wiki mbili, mama."

"Kwa nini, bwana meneja?"

"Aliyeiandika pengine hana hata senti. Mji umejaa matapeli."

"Masikio yangu mazito, baba. Sema kwa nguvu."

"Tapeli, nasema! Tapeli!" Benki nzima iligeuka.

Mwanahawa alimtazama bibi aliyekuja naye. "Umesikia, mama wa bwana harusi? Aliyeiandika hundi ni mkweo huyu, meneja mwenyewe. Mkewe ndiye aliyeniletea, ya pilau ya binti yao."

Meneja alijipekua mifuko yote, akamlipa taslimu hapo hapo.

Kesho yake asubuhi Mwanahawa alinunua mchele, kisha akarudi benki kufunga akaunti.